Pa Kushushia Mtumbwi Kisiwani Skye

Skye ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hebridi za Ndani, magharibi mwa Uskoti. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,650, lakini bahari imeingia nchi kavu kwa mikono mirefu mingi, hata hakuna kijiji kilicho mbali na maji ya chumvi. Umbo hilo humfaa sana mwenye mtumbwi wa wazi, kwa kuwa upepo uvume kutoka wapi, upo ufuo ulioupa mgongo. Kazi ni kuujua ufuo huo kwa siku hiyo, nayo hufanywa mezani, mbele ya ramani, jedwali la maji na utabiri wa upepo, kabla mtumbwi haujafungwa juu ya gari.

Mtumbwi wenyewe ndio unaoilazimisha kazi hiyo. Huu ni mtumbwi wenye asili ya Amerika Kaskazini, wa mita 4.5 hadi 5, usio na sitaha wala matengo. Hubeba mizigo mingi kuliko kayaki na si taabu kuuingia. Lakini kila wimbi linalovuka ukingo hubaki ndani, na ubavu wake mrefu hushikwa na upepo. Ukijaa, hubeba mamia ya lita za maji na haukubali tena usukani wa kafi. Ndiyo maana wanaoupeleka baharini hufunga mifuko ya hewa mbele na nyuma, ili nafasi ya maji iwe ndogo. Upepo wa nguvu 4 katika kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, ni wa kawaida kwa mpiga kayaki mzoefu. Kwa mtumbwi wa wazi ndipo hatari inapoanzia.

Pepo zinazotawala Skye hutoka kusini-magharibi. Mgeni huona ufuo wa mashariki umetulia kama kioo, akadhani amepata. Maji yametulia kwa sababu upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, na mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Mita mia chache mbele, kinga ya vilima inakwisha, mawimbi yanainuka, na njia ya kurudi ni kupiga kafi dhidi ya upepo uleule uliomsukuma. Mahali pazuri pa kushusha kwa hiyo panahitaji vitu viwili: kinga upande upepo utokako, na kizuizi upande uendako, kama kisiwa kidogo au ng'ambo ya karibu.

Isleornsay, kwenye rasi ya Sleat, ina vyote viwili. Kijiji kinatazama mashariki, na mbele yake kimelala kisiwa cha Ornsay. Mtumbwi ukizidiwa na upepo wa magharibi katikati ya bandari, utaishia kwenye mawe ya Ornsay, si kwenye mlango-bahari wa Sleat wala kwenye mdomo wa Loch Hourn ng'ambo. Upande wa kaskazini ndio ulio wazi, na hapo ndipo pa kugeuzia. Nje kidogo unasimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1857, ambao ni alama nzuri ya kumwonyesha mpiga kafi kinga inakoishia.

Bandari hiyo ina sharti lake: hukauka. Maji yakipwa, Ornsay huungana na Skye, na sehemu kubwa ya bandari hubaki tope na mwani. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii huzidi mita 4. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya tatu na ya nne za kupwa, kila moja huondoa kama robo ya kimo chote. Kwenye ufuo ulio karibu tambarare, mita moja ya kimo ni makumi ya mita za kutembea, na mtumbwi wa kilo 30 na ushei hubebwa juu ya mawe yaliyofunikwa mwani unaoteleza. Anayeshusha saa mbili kabla ya maji kujaa, akarudi kabla ya saa mbili baada yake, haoni taabu hiyo. Wakati wa kuingia, mtumbwi uelee wote kwanza. Ukiwa nusu juu ya jiwe na nusu majini hupinduka kirahisi.

Loch Dunvegan, kaskazini-magharibi, hufaa siku za upepo mwanana. Visiwa vidogo vya ndani hukinga maji, na sili hupumzika juu ya miamba. Eneo hilo limehifadhiwa kwa ajili yao, kwa hiyo hutazamwa kwa mbali. Sili wakianza kuinua vichwa na kusogea majini, mtumbwi umeshakaribia kupita kiasi. Ufuo mweupe wa Claigan, unaosifiwa sana, haufai kushushia. Kutoka maegesho hadi hapo ni zaidi ya kilomita moja kwa miguu.

Elgol ina barabara hadi majini, na boti za watalii huondokea hapo kwenda Loch Coruisk. Lakini ufuo wake uko wazi kwa kusini-magharibi, na milima ya Cuillin, yenye vilele vinavyozidi mita 900, huporomosha dharuba za ghafla juu ya Loch Scavaig. Hapo ni pa wazoefu, tena siku iliyotulia kabisa.

Upepo ukichacha pande zote, yapo maziwa ya Storr kaskazini mwa Portree, Loch Fada na Loch Leathan, kando ya barabara. Ni maji baridi yasiyojaa wala kupwa, na hulisha kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1952. Upande wa bwawa la kituo huachwa.

Sheria haimzuii mtu. Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mmoja haki ya kupita ardhini na majini kwa uangalifu, isipokuwa viwanja vya nyumba na maeneo mengine machache. Haki hiyo haihusu kuegesha gari. Barabara nyingi za Skye ni za njia moja zenye vituo vya kupishana, na gari lililoachwa kwenye kituo hicho hufunga njia ya wakazi na ya gari la wagonjwa.

Maji ya bahari ni baridi mwaka mzima: kama nyuzi 7 za Selsiasi mwishoni mwa majira ya baridi, na 13 au 14 mwezi Agosti. Hata Agosti jaketi la kuelea huvaliwa tangu ufukweni, na redio ya VHF, yenye chaneli ya 16 ya dharura, hufungwa mwilini, si kwenye mtumbwi.

Kylerhea, palipo na kivuko cha kwenda Glenelg, panaonekana pepesi kwa sababu ng'ambo iko karibu sana. Mkondo wake wakati wa bamvua hufikia karibu kilomita 15 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa mpiga kafi mwenye nguvu. Mtumbwi wa wazi haushushwi hapo.