Kazi Isiyobaki Mkononi: Uhakiki wa Ahadi na Dosari za Huduma za Kutiririsha Michezo ya Video kwa Mfano wa Stadia

Utangulizi

Tarehe 18 Januari 2023 kampuni ya Google ilizima seva za Stadia, huduma yake ya kutiririsha michezo ya video kupitia intaneti. Huduma hiyo ilikuwa imefunguliwa tarehe 19 Novemba 2019; ilidumu, kwa hiyo, miaka mitatu na miezi miwili. Kufungwa kwake kulitangazwa tarehe 29 Septemba 2022, na tangazo hilo liliambatana na hatua ambayo ni nadra katika biashara ya kidijitali: wateja waliahidiwa kurudishiwa fedha za michezo waliyonunua katika duka la Stadia na za vifaa walivyonunua katika duka la Google. Ada za uanachama wa kila mwezi ndizo ambazo hazikurudishwa.

Kwa mizani ya biashara, sehemu kubwa ya deni ililipwa. Swali linalobaki ni la kihakiki: je, mchezaji aliyerudishiwa fedha zake alirudishiwa pia alichopoteza? Makala haya yanadai kwamba hakurudishiwa. Yanaonesha kwamba dosari ya msingi ya huduma hizi haiko katika kasi ya intaneti wala katika bei, ingawa yote mawili yana uzito, bali iko mahali ambapo kazi yenyewe inahifadhiwa.

Ahadi na ukweli wake

Wazo la kutiririsha michezo halikuanza na Stadia. OnLive ilifungua huduma kama hiyo nchini Marekani mwaka 2010, na mwaka 2012 Sony iliinunua kampuni ya Gaikai kwa dola milioni 380 kwa ajili ya teknolojia iyo hiyo. Msingi wake ni mmoja. Mchezo haufanyi kazi katika mashine iliyoko sebuleni, bali katika seva iliyoko kwenye kituo cha data. Mchezaji anapobonyeza kitufe, amri husafiri hadi kwenye seva. Seva hukokotoa matokeo, huyageuza kuwa picha, huibana picha hiyo na kuirudisha kwenye kioo cha mchezaji.

Ahadi iliyojengwa juu ya msingi huo haikuwa ya uongo. Mtu aliyekuwa na kompyuta ya kawaida, simu au runinga angeweza kucheza mchezo mzito bila kununua mashine ya mamia ya dola, bila kupakua faili kubwa na bila kusubiri masasisho. Ushahidi ulipatikana Desemba 2020, mchezo wa Cyberpunk 2077 ulipotolewa. Katika mashine za PlayStation 4 mchezo huo ulikuwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliuondoa katika duka lake siku chache baada ya kutolewa. Wakati huohuo mashine mpya zilikuwa adimu madukani. Mteja wa Stadia aliweza kuucheza kwa utulivu zaidi bila kumiliki mashine yoyote kati ya hizo. Mhakiki anayeibeza teknolojia hii kwa ujumla wake, basi, hautendei haki ushahidi uliopo.

Mipaka ya masafa na gharama ya njia

Hata hivyo, kutiririsha mchezo si sawa na kutiririsha filamu. Filamu inaweza kupakuliwa sehemu kidogo mapema, ili mtandao ukiyumba mtazamaji asitambue. Mchezo hauna akiba hiyo, kwa sababu picha inayofuata hutegemea kitufe ambacho mchezaji bado hajakibonyeza. Mchezo unaoonesha picha 60 kwa sekunde huipa kila picha takriban milisekunde 17. Kila hatua ya safari, kuanzia nyaya na mitambo ya njiani hadi kubanwa na kufunguliwa kwa picha, hula sehemu ya muda huo. Ndiyo maana kidhibiti cha Stadia kiliundwa kiwasiliane na kituo cha data moja kwa moja kupitia Wi-Fi, ili hatua moja ipunguzwe. Ubunifu huo ulipunguza tatizo bila kulimaliza: anayeishi mbali na kituo cha data hawezi kuufupisha umbali kwa ustadi wa vidole vyake.

Gharama nayo haikuondolewa, bali ilihamishwa. Kwa picha za ubora wa juu kabisa, Stadia ilihitaji takriban megabiti 35 kwa sekunde, yaani gigabaiti 15.75 kwa saa. Mchezo wa gigabaiti 50 unaopakuliwa mara moja na kuchezwa kwa mwaka mzima hutumia data sawa na ile inayotiririshwa kwa saa tatu na dakika chache. Hata kwa kiwango cha chini cha megabiti 10 kwa sekunde, saa 11 na dakika chache zinatosha kufikia kiasi hicho. Kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo tofauti hiyo haionekani. Kwa mtumiaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayenunua bando na kulihesabu, kiingilio kilichofutwa mlangoni kinarudi kama nauli ya kila siku. Aidha, Stadia haikuwahi kufunguliwa katika nchi yoyote ya Afrika. Huduma iliyotangazwa kuwa itamfikia mtu popote alipo ilifuata ramani ya vituo vya data na ya masoko yenye fedha.

Mahali pa kazi na hatima yake

Dosari zilizotajwa zinaweza kupungua kadiri mitandao inavyoboreshwa. Ile ya tatu haipunguzwi na kasi. Mchezo wa Outcasters, uliotengenezwa na studio ya Splash Damage ya Uingereza na kutolewa Desemba 2020, uliundwa mahususi kwa Stadia. Huduma ilipofungwa, watengenezaji wake walieleza kwamba hawakuwa na mpango wa kuupeleka kwingine. Mchezo wa Gylt wa studio ya Tequila Works ya Uhispania, ambao nao ulianzia Stadia, ulikuwa na bahati tofauti: ulitolewa kwa mashine nyingine Julai 2023. Tofauti ya hatima hizi mbili haikutokana na ubora wa kazi wala na mapenzi ya wachezaji. Ilitokana na uamuzi na uwezo wa wenye kazi, na mchezaji hakuwa na nafasi ndani yake, kwa sababu hakuwahi kuwa na nakala.

Hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapokuwa na la kusema. Tenzi za kale za pwani ya Afrika Mashariki zimefikia vizazi vya leo kwa sababu zilinakiliwa na mikono mingi. Mswada mmoja ulipoliwa na mchwa, mwingine ulibaki katika nyumba nyingine. Hata hadithi ya mdomo, ambayo haina karatasi, hukaa katika kumbukumbu ya msikilizaji anayeweza kuisimulia kesho. Mchezo unaotiririshwa hauko katika hali yoyote kati ya hizo. Una hadhira kubwa kama kitabu kilichochapishwa, lakini una hifadhi moja tu, nayo iko chini ya ufunguo wa mwenye biashara. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mteja wa Stadia aliuziwa nguo kwa bei ya duka, kumbe imeazimwa.

Ipo hoja pinzani kwamba si huduma zote zina muundo huo. GeForce Now, iliyofunguliwa kwa umma Februari 2020, humkodisha mchezaji mashine ya mbali, naye huleta michezo aliyonunua katika maduka mengine kama Steam. Huduma hiyo ikifungwa, haki yake ya kucheza hubaki kule aliponunulia. Hoja hii ina nguvu, ingawa si kamili: katika mwezi huohuo wa kwanza kampuni ya Activision Blizzard iliondoa michezo yake katika huduma hiyo, na wateja walioilipia kwingine wakazuiwa kuitiririsha. Hata hivyo walichopoteza ni njia ya kuufikia mchezo, si mchezo wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo kipimo ambacho makala haya yanakipendekeza.

Hitimisho

Huduma za kutiririsha michezo zimehakikiwa mno kwa kasi na bei zake. Mfano wa Stadia unaonesha kwamba huduma inaweza kufanya kazi vizuri, ikarudisha fedha kwa uungwana, na bado ikaacha pengo ambalo fedha hazilizibi. Kipimo cha kwanza, kwa hiyo, kinapaswa kuwa kile kinachobaki siku seva zinapozimwa. Huduma inayokodisha mashine na kumwachia mchezaji kazi yake inastahili kupokewa kama ilivyo, yaani njia. Huduma ambayo ndiyo makao pekee ya kazi inapaswa kudaiwa, kabla ya kufunguliwa, ieleze nakala ya kazi hiyo itawekwa wapi na nani ataruhusiwa kuifikia. Bila jibu hilo, mtafiti wa kesho atayakuta matangazo, tahakiki na picha za kazi ambayo yeye mwenyewe hawezi tena kuicheza.