Undugu si bure

Siku hizi avoka akifika kwenye matanga, watu wanamzunguka: «Yaya, nisomee kidogo hii karatasi ya parsele.» Daktari naye anaonyeshwa vidonda sokoni. Akitaja malipo, wanasema amesahau desturi ya wazee.

Hapo ndipo tunakosea. Wazee hawakumtumikisha fundi bure. Mganga alipewa kuku. Na hapa Katanga, misalaba ya shaba, kazi ya wayeyushaji, ilikuwa feza yenyewe, hata ya mahari. Asiye na kuku alileta kuni ao alilima siku moja. Undugu ulipunguza bei, haukuifuta.

Basi, ndugu wasomaji, tukienda kuomba elimu ya mtu, tusiende mikono mitupu halafu tuseme ni desturi.