Masimulizi ya 'diski' yamemsahau mwalimu

Katika Decolonising the Mind (1986), marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia kuhusu kifungo kilichozungushwa shuleni. Aliyenaswa akisema Kikuyu alikabidhiwa. Jioni, aliyebaki nacho alimtaja aliyempa, huyo naye akamtaja mwingine, hadi wakosaji wote wakajulikana. Kisha viboko, au bamba la chuma shingoni lenye maneno ya kudhalilisha.

Kwangu mimi, ukali wa kisa hiki umo katika kifungo kuliko kiboko. Mtoto anageuzwa mpelelezi wa mwenzake, ati ndipo ajue Kiingereza!

Ila masimulizi ya aina hii, hata haya ya Ngũgĩ, yana pengo. Mwalimu ni mkono tu ulioshika fimbo. Yeye alifunzwaje Kiingereza? Alivishwa nini? Wengi wamestaafu bila kuulizwa.

Wanafunzi wangu wa ualimu wakisimulia habari za 'diski', kila mmoja huwa ndiye aliyevishwa. Hebu basi tuambiane: nani aliyewavisha wenzake? Mwaka ujao baadhi yao watakabidhiwa madarasa, na zipo shule ambako diski hiyo ingali inazunguka.