Isimila: neno "makazi" tumelimeza haraka mno

Ukitoka Mbeya kwa basi kwenda Iringa, kilomita kama 20 kabla ya kufika mjini unapita jirani na Isimila. Wengi tunaijua kwa zile nguzo zake za mchanga, za kupigia picha. Lakini kilichoipa jina kwenye akiolojia kiko chini korongoni: mashoka ya mkono ya mawe, mengine makubwa mpaka unajiuliza nani alikuwa anayanyanyua.

Ripoti iliyoitambulisha Isimila ni ya F. Clark Howell, Glen Cole na Maxine Kleindienst, ya mwaka 1962, kutokana na uchimbaji wa 1957 na 1958. Nguvu yake ni kwamba walihesabu zana aina kwa aina, sehemu kwa sehemu, wakaona tofauti: hapa mashoka yamejaa, pale zana ndogondogo ndizo nyingi. Kwa wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya maana.

Tatizo liko kwenye kichwa cha ripoti, kinachoiita Isimila eneo la makazi. Hebu tulipime neno hilo. Mawe yale yalilala kwenye mchanga, na mchanga wenyewe uliletwa na maji. Maji yanachambua: yanabeba vibanzi vyepesi, yanaacha mawe mazito. Kwa hiyo rundo la mashoka linaweza kuwa mahali watu walipokaa, au mahali mkondo ulipoyabwaga. Kuhesabu peke yake hakutenganishi hayo mawili.

Linganisha na Boxgrove, Uingereza, ya miaka kama 500,000 iliyopita. Kule vibanzi vidogo vilikutwa bado viko palepale mchongaji alipofanyia kazi, na watafiti wakaweza kuviunganisha tena kama vipande vya sahani iliyovunjika. Huo ndio ushahidi wa kusema "mtu alikaa hapa."

Tukilitaka neno "makazi" kwa Isimila, tuulize maswali hayohayo. Vibanzi vipo? Makali ya mawe bado yapo, au yamesagika? Mawe marefu yameelekea upande mmoja, kama yaliyosukumwa? Cole na Kleindienst wenyewe walirudi kuitafakari tena Isimila mwaka 1974, kwa hiyo sisi hatuna sababu ya kufunga mjadala.

Umri nao usome kwa tahadhari. Ile miaka 260,000 inayonukuliwa sana ilipatikana kwa kupima urani kwenye mifupa, na mfupa unaweza kufyonza urani ya maji ya ardhini muda mrefu baada ya mnyama kufa.

Kwa nini ujali? Kwa sababu jibu limo kwenye vitu visivyopendeza. Anayetia mfukoni kibanzi cha ukubwa wa kucha, akisema ni jiwe tu, ameondoka na ushahidi ambao shoka kubwa haliwezi kuutoa. Ukienda Isimila, piga picha nguzo zako, halafu inama uviangalie vibanzi. Uviache hapohapo.