Waliojua Kufunga Mzigo

Mwaka 1874 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliagiza nishani 60 kwa ajili ya watu walioufikisha pwani mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Kwenye nishani hizo yaliandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba walikuwa waaminifu hadi mwisho. Jiwe la kaburi lake, ndani ya Westminster Abbey, nalo linaanza kwa kutamka kwamba aliletwa na mikono miaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Ni maneno mazuri, na waliosifiwa walistahili kila herufi. Hata hivyo, kila nikiyasoma naona yamesifu nusu tu ya jambo. Uaminifu peke yake haufikishi mzigo. Mtu anaweza kuwa na moyo safi kabisa, na bado mzigo ukamfumukia mtoni siku ya tatu.

Kiingereza cha zama zile kilikuwa na misemo tele ya ulinzi na usalama, ya kuaminiwa na kukabidhiwa. Msemo uliomwita mpagazi fundi ni nadra kuukuta. Nami nikiwa Sikonge, yapata kilomita 70 kusini mwa Tabora, katikati ya miombo ambayo misafara iliipita miaka nenda miaka rudi, nataka kuusifu ufundi huo: kufunga mzigo, kuubeba, na kuufikisha ukiwa vilevile ulivyotoka.

Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliueleza mzigo wa mpagazi kwa makini. Nguo zilikunjwa na kukazwa hadi zikawa mtumba mrefu mwembamba, zikavishwa makanda, kisha zikafungwa kwa kamba. Ubavuni mwa mtumba ziliwekwa fito, nazo zikafungwa pamoja nao ili usipinde wala kulegea katikati. Upande mmoja fito zilitokeza nje na kuacha panda. Panda hiyo ndiyo inayonigusa zaidi. Mpagazi akitaka kupumua hautupi mzigo chini. Anausimamisha umeegemea mti, panda ikiwa ardhini, na nguo hazigusi tope wala mchwa. Wakati wa kuondoka hahitaji kuinama hadi chini wala kumwita mwenzake amtwike. Anaingiza bega, anainuka, anakwenda.

Uzito wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake wa kulalia, chungu, chakula na silaha. Ushanga ulitiwa katika mifuko mirefu. Masango, yaani nyaya nene za shaba, yalitundikwa kwenye mti. Pembe ya ndovu iliyomshinda mtu mmoja ilibebwa mzegazega, watu wawili na mti mabegani, na mara nyingi ilifungwa kengele. Kila mali ilikuwa na kifungo chake, na kosa la kifungo lililipwa na shingo ya mtu kwa wiki nyingi.

Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera yake. Njia ilipogawanyika alitupa matawi mabichi kwenye ile isiyofaa, au akaburuta mguu na kuacha mstari, ili wa nyuma, ambao pengine walikuwa mwendo wa saa nzima, wasipotee. Jioni, mahali penye hofu, watu walikata miiba na kuzungushia kambi. Yote hayo ni ulinzi, na hakuna hata moja lililohitaji karatasi wala muhuri. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alionyesha kwamba wapagazi hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye taaluma, desturi na heshima zao, na Wanyamwezi ndio waliokuwa vinara wao. Kijana wa Unyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi alikuwa amefuzu, na nyumbani walimtazama hivyo.

Bila kuujua ufundi huo, kisa cha mwili wa Livingstone hakieleweki vizuri. Husimuliwa kama kisa cha mapenzi ya watumishi kwa bwana wao. Mimi nakisoma kama kazi ya mikono.

Livingstone alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Abdulla Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, wanaume na wanawake, waliamua kumrudisha pwani. Kwanza walijenga kizimba imara kilichokuwa wazi juu, chenye nguvu ya kuzuia wanyama. Farjallah Christie, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, akaufungua mwili na kuutoa viungo vya ndani, vikazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada. Ndani ya mwili wakatia chumvi. Wakauanika juani siku 14, wakiugeuza kila siku. Kisha wakaikunja miguu magotini ili kifurushi kiwe kifupi, wakauviringisha katika bafta, wakatafuta gome.

Hapo kwenye gome ndipo Sikonge inaponisaidia kuona. Nimemtazama mzee mmoja wa huku, mrina asali, akitengeneza mzinga. Alipita miti mingi kabla ya kusimama kwenye mmoja ulionyooka, usio na fundo. Akakata mviringo juu, mviringo chini, kisha mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Akaingiza kabari ya mti na kuanza kulibembeleza gome, kidogo huku, kidogo kule, likiachia taratibu kwa mlio wa kunyonya. Nilipotaka kumsaidia kwa kuvuta, aliushika mkono wangu. “Mwanangu, gome halilazimishwi. Likipasuka hapa, tumeua mti bure.” Lilipotoka lote likawa bomba kamili, likataka lenyewe kurudi katika umbo la mti. Akazikutanisha kingo, akazibana kwa vijiti alivyochonga, akaufunga mzinga kwa kamba ya gome mbichi, ambayo ikikauka hujikaza yenyewe.

Mti unaochunwa hivyo hufa, na maofisa wa nyuki wanaohimiza mizinga ya masanduku wana haki. Miombo ya Sikonge haiwezi kulipa gharama hiyo milele. Lakini nilipoona kazi ile ndipo nilipoelewa walichofanya wale watu kule Chitambo. Walichuna gome la mti uitwao myonga likiwa zima, bila kulipasua, wakauingiza mwili ndani ya bomba lile, wakalishonea turubai, wakalipaka lami kuzuia maji, wakalifunga kwenye mti wa kubebea watu wawili. Msitu uliwapa ganda, njia ya pembe za ndovu ikawapa namna ya kulibeba. Hawakuwa wakibahatisha. Walitumia vitu ambavyo watu wa misitu na misafara walikuwa wakivitumia kila mwaka kwa asali na pembe, wakavitia katika kazi ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Mwezi Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, eneo la Tabora, penye tembe la Kwihara ambako Livingstone alikuwa amekaa mwaka uliotangulia akiwasubiri wengi wa watu hawahawa. Hapo walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike palepale, kwa kuwa njia ya mbele ina hatari na watu wa vijijini hawapendi maiti ipite kwao. Kwa cheo na kwa rangi, enzi zile, shauri lake lilikuwa na uzito wa amri. Wakakataa. Naamini waliweza kukataa kwa sababu waliijua kazi yao: walikwisha kuupima mzigo wao kwa miezi, na walijua kwamba utafika.

Na hatari aliyoitaja Cameron ilikuwa ya kweli. Walipofika Kasekera wenyeji wakawazuia. Basi wakafanya shauri usiku. Wakautoa mwili katika bomba la gome, wakaufunga upya uwe mtumba wa kawaida wa nguo, kama mitumba mingine. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayapanga urefu wa mtu, wakayaviringishia kitambaa hadi yakafanana na maiti. Karatasi ikakunjwa kama barua na kubanwa kwenye ufa wa kijiti, jinsi barua zilivyopelekwa zama zile. Watu sita wakaibeba maiti hiyo ya mabua mbele ya macho ya wote, kwa huzuni yote ipasayo, wakirudi Unyanyembe eti kuzika. Walipofika porini wakayatupa mabua moja moja huku na huku, nguo wakazificha, wakaingia kichakani mmoja mmoja ili nyayo zisiwaumbue, na usiku wakawafikia wenzao. Asubuhi msafara ukaondoka na mitumba yake, na hakuna aliyekuwa na neno.

Hebu fikiri ni lazima mtumba ule ulifungwaje. Watu wa njia hiyo walikuwa wameiona mitumba maelfu. Jicho lao lingenasa kasoro yoyote ya umbo, ya uzito begani, ya namna mbebaji anavyokwenda. Uaminifu haumpi mtu mkono wa kufunga mtumba unaopita mbele ya macho kama hayo.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Aprili, mjini London, daktari bingwa Sir William Fergusson aliufungua mwili na kuutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma na kuunga vibaya. Baada ya miezi tisa ya mvua, mito, jua na mabega ya watu, na safari ya baharini juu yake, mfupa ulikuwa bado unasomeka. Kama kazi ile ilihitaji cheti, ni hicho. Siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili, Jacob Wainwright alikuwepo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, na maelezo yao kwa Horace Waller, aliyezihariri shajara za mwisho za Livingstone, ndiyo yaliyotuhifadhia habari za gome na mabua. Wenzao wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika, kila mtu na safari yake, wakati nishani zilipokuwa tayari.

Baada ya hapo misemo ya ulinzi iliendelea kuja, safari hii ikiwa imeandikwa kwenye sheria. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani aliipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Jeshi la Wajerumani liliitwa jeshi la ulinzi, na Januari 1893 ndilo lililoivunja ngome ya Mtemi Isike karibu na Tabora, naye akawasha baruti ya ghala lake asishikwe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa nguvu katika kikosi ambacho jina lake limebaki Kariakoo, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na magonjwa. Mtu aliyezoea kupatana ujira wake, kuuchagua mzigo na kuufunga kwa mkono wake sasa alitupiwa wowote na kuswagwa. Ninaihesabu vita hiyo kuwa ndiyo iliyoua heshima ya ufundi huu, hata kuliko reli iliyokuwa imefika Tabora mwaka 1912.

Tembe la Kwihara sasa ni makumbusho ya Livingstone, na wageni huja kuona alipokaa. Ningependa pembeni mwa picha na barua uwekwe mtumba mmoja: nguo zilizokazwa, makanda, fito tatu, panda chini, uzito wa frasila mbili, na mgeni aruhusiwe kuingiza bega na kujaribu kuinuka. Na ufungwe na warina asali wa Sikonge, kwa malipo, maana mikono inayojua kazi hiyo bado ipo huku.