Kyela haihitaji mnara mrefu

Tarehe 26 Februari 1963 Redio Sauti ya Injili, ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa kwa mitambo miwili ya kilowati 100 kila mmoja. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi, kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia, ndipo vikarushwa. Kutoka huko hadi Kyela, kusini magharibi mwa Tanzania, ni zaidi ya kilomita 2,000, lakini masafa mafupi hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakagonga na kushuka. Mlima Rungwe, ulio kaskazini mwa Kyela, hauyazuii. Udhaifu ulikuwa kutegemea kituo kimoja cha ugenini. Tarehe 12 Machi 1977 utawala wa kijeshi wa Ethiopia, Derg, ulikitwaa, matangazo yakakoma.

Sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu redio binafsi nchini Tanzania, makanisa yaligeukia FM. Mbeya, Wamoravian wana Baraka FM. Ila FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na kati ya Mbeya na Kyela imekaa safu ya Uporoto pamoja na Rungwe yenyewe, mita 2,960. Kyela iko chini kabisa, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari.

Wengi huliona hilo kuwa balaa. Mimi naona ndilo linaloipa redio ndogo ya hapahapa nafasi yake. Bonde la Kyela ni tambarare hadi Ziwa Nyasa, na milima inazuia mwingiliano kutoka nje. Piga hesabu: antena iliyo mita 30 juu humfikia msikilizaji mwenye redio mita 2 kutoka ardhini hadi umbali wa kilomita 28 hivi. Ukirusha kutoka Kyela mjini, Ipinda, bandari ya Itungi na Matema zote zimo, pamoja na mvuvi aliye kwenye mtumbwi. Ongeza mnara uwe mita 60, gharama zitapaa, nawe utapata kilomita 9 hivi tu zaidi, nyingi zikiwa maji na miteremko ya Livingstone.

Badala ya mnara mrefu, sadaka za waumini zielekezwe kwenye nondo za shaba za kuzamisha radi ardhini na kuziba viungo vya waya wa antena, kwa kuwa Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yakipenya kwenye kiungo, nguvu hurudi mtamboni badala ya kwenda hewani, na mtambo usiojizima wenyewe huungua.