Namba ya Mama Mkwe Ilifikaje kwa Mkopeshaji

Waliowahi kuchelewesha mkopo wa simu nchini Kenya, kabla kanuni hazijabana, wanaijua zamu ya simu zilizokuwa zikipigwa. Anaanza mdaiwa mwenyewe. Asipopokea, anafuata bosi wake, kisha jirani, kisha mama mkwe, ambaye anaelezwa kwa sauti kavu kwamba mkwewe ni mwizi. Wengi waliamini kuna mtu ndani ya kampuni ya simu anayeuza namba. Hakukuwa na haja ya mtu huyo. Namba zilitoka kwenye simu ya mkopaji, kwa kidole chake mwenyewe, kabla hata hajajua kama mkopo utapita.

Namna hilo lilivyofanyika inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu milango iliyotumika haijafungwa yote.

Kwenye Android kila programu hufungiwa peke yake. Haioni mafaili ya mwenzake wala haijui nani yuko kwenye orodha yako ya majina, hadi mfumo uiruhusu. Hadi Android 5 ruhusa ziliombwa kwa mkupuo wakati wa kupakua: ukurasa mrefu, kitufe kimoja, ukubali zote au uache programu. Android 6, mwaka 2015, ilibadili utaratibu huo. Ruhusa nyeti, yaani ujumbe, majina, mahali ulipo, kamera na maikrofoni, zikaanza kuulizwa moja moja wakati programu inazihitaji, na mtu akaweza kuzifuta baadaye. Ila kulikuwa na mwanya: programu iliyojitambulisha kuwa imetengenezewa Android ya zamani iliendelea kupewa kila kitu kwa mkupuo, hata ndani ya simu mpya. Mwaka 2018 duka la Google Play likaanza kukataa programu za namna hiyo, na Android 14 ikazuia kabisa zisiwekwe kwenye simu hata zikitoka nje ya duka.

Wakopeshaji wa mtandaoni hawakuhitaji mwanya huo. Walitumia njia halali: kuuliza, lakini kuuliza mapema. Ukifungua programu, kabla hujaona fomu wala kiwango cha riba, visanduku vinafuatana: niruhusu nisome ujumbe wako, nione majina yako, nijue ulipo, nione kumbukumbu za simu ulizopiga. Ukikataa kimoja, unarudishwa mwanzo. Mfumo umekupa haki ya kukataa, na programu nayo imejipa haki ya kukunyima huduma. Mzazi anayetafuta karo saa nne usiku anajua nani atashinda hapo.

Kwa upande wa ujumbe, niwatendee haki. Kampuni zilizotangulia katikati ya muongo uliopita, kama Tala na Branch, zilikuwa na hoja. Mama muuza mboga hana hati ya mshahara wala taarifa ya benki, lakini ana M-Pesa. Tazama ujumbe mmoja wa M-Pesa: una namba ya muamala, kiasi, jina la aliyetuma au kupokea, mara nyingi na namba yake ya simu, tarehe, saa, na salio lililobaki. Ujumbe wa miezi sita ukiupanga kwa mfuatano una mapato, matumizi, siku za ukata, na hata mikopo anayodaiwa kwingine. Programu huchuja ujumbe wa mtumaji MPESA, ikajumlisha, ikatoa alama. Ni kazi ya maana, na kuna watu walipata mtaji kwa njia hiyo ambao benki isingewafungulia hata mlango.

Kasoro iko kwenye ruhusa yenyewe. Android haina ruhusa ya kusoma ujumbe wa MPESA peke yake. Anayepewa huo anapewa na ujumbe wa hospitali, wa mpenzi, na ule wenye namba ya siri ya mara moja inayotumwa na benki. Kwamba mkopeshaji mwaminifu anausoma huo mmoja na kuuacha mwingine ni ahadi yake tu. Simu haiwezi kumsimamia.

Orodha ya majina haina hata utetezi huo. Wapo waliosema ni ya kuwahakiki wadhamini, lakini mdhamini anaandikwa na mkopaji mwenyewe, majina mawili matatu yanatosha. Kilichofanyika kilikuwa rahisi mno. Programu inauliza hazina ya majina swali moja, inapewa safu zote, inazifunga kwenye faili la maandishi, inazituma kwenye seva yake. Majina mia nane na namba zake hayafiki uzito wa picha moja ya kamera ya simu. Bando la kuungaunga linayamudu kwa sekunde chache. Na ruhusa ya kutumia intaneti, ambayo ndiyo njia ya kutokea, kwa kawaida Android haikuulizi. Hutolewa kimya kimya kwa programu inayoitaka.

Je, seva ilijuaje kwamba yule ni mama mkwe na yule ni fundi wa friji? Mara nyingine sisi wenyewe tuliandika hivyo: “Mama Mkwe”, “Boss Kazini”, “Pastor”. Kumbukumbu za simu zilikamilisha picha, kwa kuwa zinaonyesha nani unampigia mara kwa mara na kwa dakika ngapi. Android za zamani zilihesabu hata umewasiliana na kila jina mara ngapi, hesabu iliyoondolewa kufikia Android 10.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwenda kwenye mipangilio na kuzima ruhusa. Ni ushauri mzuri kwa programu usiyoitumia tena, lakini kwa orodha ya majina huja umechelewa. Kuzima kunazuia programu isisome tena. Nakala iliyokwisha kupelekwa haiguswi. Kufuta programu ni hivyohivyo. Mahali ulipo hubadilika, na maikrofoni husikia kinachosemwa sasa, kwa hiyo kuzifunga leo kuna faida ya leo. Majina hubaki yaleyale miaka mingi. Yakitoka mara moja yametoka.

Halafu kuna jambo ambalo kisanduku cha ruhusa hakiwezi kulitatua hata kikiandikwa vizuri namna gani. Kinamuuliza mtu mmoja kwa niaba ya mamia. Mama mkwe hakuomba mkopo, hakupakua kitu, pengine simu yake ni ya vibonyezo. Hakuna hatua yoyote ambayo mfumo ulimuuliza yeye.

Hapo ndipo sheria ilipolenga vizuri kuliko teknolojia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtambua mwenye taarifa, awe mteja au asiwe, kwa hiyo aliyepigiwa simu kwa deni lisilo lake anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kwa watoaji wa mikopo ya kidijitali, zilizoanza Machi 2022, zilipiga marufuku kuwaandama watu walio kwenye orodha ya mdaiwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni iliyoendesha KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine kutuma vitisho. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Mitaani aina hiyo ya mikopo ilikuwa imekwisha kupewa jina lake, kausha damu.

Ila kwa maoni yangu pigo zito zaidi halikutoka serikalini. Tangu 31 Mei 2023 Google haikubali dukani kwake programu ya mikopo binafsi inayoomba majina, picha au mahali hasa ulipo mtu. Faini humfikia mkosaji baada ya namba kwenda. Sharti hili linamnyima uwezo wa kuzichukua. Linaudhi kidogo kwamba kampuni ya California ndiyo yenye rungu hilo, lakini limefanya kazi.

Limefanya kazi dukani, yaani. Programu zilizofukuzwa zilihamia kwenye viungo vya WhatsApp na mafaili ya APK, yanayowekwa kwenye simu bila kupitia duka, na huko hakuna anayekagua. Mbaya zaidi, kuna milango miwili ya pembeni ambayo haionekani kwenye orodha ya kawaida ya ruhusa. Wa kwanza ni ruhusa ya kusoma arifa. Programu iliyonyimwa ujumbe ikipewa arifa itausoma ujumbe huohuo unapochomoza juu ya kioo, na kwenye simu nyingi hata namba ya siri ya benki. Wa pili ni huduma ya ufikivu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu: inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe badala yako. Android 13 ilianza kuizuia programu iliyotoka nje ya duka isipewe milango hiyo kirahisi. Basi matapeli wakabadilisha maelekezo yao. Sasa wanakushika mkono: fungua maelezo ya programu, gusa vitone vitatu pale juu, chagua kuruhusu mipangilio iliyozuiwa, rudi. Anayekuelekeza kwenye vitone hivyo vitatu ili upate mkopo, mfungie simu.

Ukitaka kukagua simu yako, usipite programu moja moja. Utachoka kabla ya kufika nusu. Andika “ruhusa” kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya mipangilio, kwani Tecno, Samsung na Infinix kila moja imeificha pake, kisha fungua orodha inayopangwa kwa aina ya ruhusa. Anza na SMS. Hapo panapaswa kuwa na programu yako ya ujumbe, huduma za simu zenyewe, na labda ya benki. Tochi au mchezo wa karata ukiwa humo, utoe. Kisha majina. Kisha tafuta ufikiaji maalumu, uangalie arifa na ufikivu. Kuanzia Android 12 kuna pia dashibodi inayoonyesha nani aligusa kamera au maikrofoni na saa ngapi.

iPhone haijawahi kuziachia programu za nje zisome sanduku la ujumbe, na tangu iOS 18, mwaka 2024, mtu anaweza kuipa programu majina machache aliyoyachagua badala ya daftari zima. Android imefika hapo kwa upande wa picha, tangu toleo la 14. Kwa majina, simu nyingi zilizo mikononi mwetu bado ni yote au hakuna. Kwa hiyo programu isiyo ya kupiga simu wala kutuma ujumbe ikiniomba majina, nakataa kwanza nione inashindwa kufanya nini. Nyingi hazishindwi chochote.